Mitini ya Toronto: Namna Mti wa Ukoo Unavyohifadhiwa kwa Kugawiwa

Novemba ya mwaka 1989, mwaka wetu wa kwanza Toronto, tulikuwa tumepanga ghorofa ya juu katika nyumba moja karibu na St. Clair Avenue West, mtaa unaoitwa hadi leo Corso Italia. Asubuhi moja tulimwona kutoka dirishani mzee wa nyumba ya jirani akichimba kaburi uani kwake. Hatukuwa na neno jingine la kuliita shimo lile. Lilikuwa na urefu wa mtu, na pembeni yake zimepangwa mbao kama zile za kufunikia mwanandani. Mkewe alisimama kando amejitanda shali nyeusi. Wakaja vijana wawili, wakainamisha kitu kirefu kilichofungwa kwa kamba na magunia, wakakilaza shimoni taratibu, wakapanga mbao juu yake, wakatandaza majani makavu na turubai, kisha wakafukia udongo. Mwenzetu wa nyumbani, aliyekuwa akitazama pamoja nasi, akauliza kwa sauti ya chini: "Hawa wanamzika nani, tena bila hata dua?"

Hakuna aliyekufa. Walikuwa wakizika mtini, na Aprili waliufukua ukiwa hai.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwatazama wazee hawa kwa jicho la mtu wa taarikhi, na baadaye tukaingia kazini wenyewe. Wasomaji wengi wa jarida hili ni watu ambao koo zao zimetawanyika baina ya Unguja, Maskati, London na Kanada, na wanaulizana kila wanapokutana nini kitabaki baada yao. Kwa hiyo tumeona inafaa kueleza namna watu waliohama na tawi sandukuni walivyoufikisha mti mmoja kizazi cha tatu na cha nne, katika nchi ambayo mti huo hauwezi kusimama wenyewe.

Kwanza tuondoe mchanganyiko wa majina. Mti tunaouzungumzia si mkuyu wa kwetu, ule ambao katika Injili ya Kiswahili Zakayo anaupanda. Mkuyu na mtini ni jamaa, lakini jamaa wa mbali. Mtini ni ule ambao Sura ya 95 ya Qurani imeitwa kwa jina la tunda lake, na wafasiri wetu waliiacha tini iwe tini, kwani pwani yetu haikuwa na jina lake yenyewe la kulipa tunda hilo. Sisi tuliozaliwa Unguja tulizijua tini kavu tu, zikija na tende. Ndugu zetu waliokwenda Oman baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, ndio waliouona mti wenyewe umesimama, katika vitalu vya Jabal Akhdar pamoja na makomamanga na zabibu. Basi tukiri mapema: mtini wetu wa Toronto hatukuurithi kwa nasaba. Tuliurithi kwa ujirani.

Wataliana wengi wa Toronto walifika katika miaka ya 1950 na 1960, sehemu kubwa wakitoka kusini na kati ya Italia: Calabria, Sicilia, Abruzzo, Lazio. Leo wenye asili hiyo katika jiji na vitongoji vyake ni zaidi ya watu 400,000. Wanaume walikuwa watu wa ujenzi, na kazi hiyo iliwala baadhi yao. Machi 17, 1960, vibarua watano wa Kitaliana walikufa ndani ya handaki la bomba la maji huko Hoggs Hollow. Mtu aliyechimba Toronto chini kwa chini wiki nzima hakuona taabu kuchimba shimo la mtini Jumamosi. Wareno nao walikuja na mitini yao, na baada yao Walebanoni, Wasyria na Wapalestina. Ukipita vichochoro vya nyuma ya nyumba za mitaa hii mwezi wa Agosti utaiona, imechomoza juu ya uzio, majani yake mapana kama viganja.

Shida yake ni baridi. Mtini uliolala, yaani uliokwisha kupukutisha majani, huvumilia nyuzi kama 10 chini ya sifuri, na aina zilizo ngumu zaidi hufika 12. Usiku wa Januari hapa hushuka mara nyingine hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mizizi huweza kunusurika ardhini na kuchipua upya, lakini hapo mwenye mti amekwisha poteza mwaka. Mtini huzaa mara mbili: uzao wa kwanza hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita na hukomaa Julai, uzao wa pili hutoka kwenye matawi ya mwaka huu na hukomaa mwisho wa Agosti na Septemba. Matawi ya zamani yakifa kwa baridi, uzao wa kwanza umekwenda, na wa pili huchelewa hadi baridi ya Oktoba ikazikuta tini zingali mbichi. (Waspania huita tini ya uzao wa kwanza "albacora", na asomaye Kiarabu atalitambua mara moja neno la Waandalusi, al-bakura, tunda la mwanzo. Tumewaeleza hayo majirani zetu zaidi ya mara moja, nao wamekuwa wakisikiliza kwa adabu.)

Ndiyo maana mti huzikwa. Majani yakishaanguka, matawi hupunguzwa na kukusanywa kwa kamba. Mizizi ya upande mmoja hukatwa kwa sepetu, ya upande wa pili huachwa ikawa kama bawaba, na mti huinamishwa juu ya bawaba hiyo hadi ulale shimoni. Mbao huzuia uzito, majani makavu huzuia baridi, turubai huzuia maji, kwa sababu maji yaliyotuama huuozesha mti kabla baridi haijaufikia. Hufukuliwa katikati ya Aprili, siku ya mawingu, lisije jua kali likaunguza ngozi yake iliyozoea giza. Wazee wakichoka kuchimba huhamisha mti kwenye pipa au debe kubwa na kuulaza kwenye gereji, mahali pasipo na joto la kuuamsha wala baridi ya kuuua. Huko hupewa maji kidogo mara moja kwa mwezi, na taa haihitajiki.

Hayo ni ya kuhifadhi. Lakini hakuna mti uliohifadhiwa kwa kufukiwa peke yake, na hapa ndipo lilipo jambo letu.

Mitini mingi ya bustani huzaa bila kuchavushwa. Tunda huiva, lakini mbegu zake ni ganda tupu. Mti wa namna hiyo hauna mrithi ila mkono wa binadamu. Mwaka 2006 wataalamu watatu, Kislev, Hartmann na Bar-Yosef, walitangaza tini zilizokauka walizozichunguza kutoka Gilgal, katika bonde la Mto Jordan, zenye umri wa miaka 11,400 hivi, wakasema ni za mti wa aina hii, na kwa hiyo lazima mtu alikata tawi akalipanda, kabla hata ya ngano na shayiri kuwa mazao ya kulimwa. Wapo waliowapinga, na ubishi huo tunawaachia wenyewe. Linalotuhusu ni kwamba tawi lililokatwa na kupandwa si mtoto wa mti, ni mti ule ule. Mwandishi anayenakili msahafu au diwani hukosea herufi, na anayenakili nakala yake huongeza makosa yake. Tawi la mtini halikosei.

Kuna kisa cha karne ya 9 kinachosimuliwa katika vitabu vya kilimo vya Andalusia. Mshairi Yahya al-Ghazal alipotumwa na Abd al-Rahman wa Pili kwa mfalme wa Rumi huko Konstantinopoli, inasemekana alikuta aina ya tini iliyosifika ambayo ilikatazwa kutolewa mjini, akaficha mbegu zake katika furushi la vitabu vyake. Tini hiyo Uhispania waliiita doñigal. Kwa hakika kisa hiki kinatutia shaka kidogo, kwani mbegu ya tini haizai mti ule ule: huzaa mti mpya, na mara nyingi mti usiofaa. Ama al-Ghazal alibeba tawi na msimulizi akapenda mbegu kwa kuwa zinaingia vizuri kitabuni, ama alibahatika.

Kisa cha pili kina ushahidi wa wazi zaidi. Edward Pococke alikuwa kasisi wa wafanyabiashara wa Kiingereza Halab kuanzia 1630, akakusanya huko miswada ya Kiarabu, na mwaka 1636 akawa profesa wa kwanza wa Kiarabu Oxford. Miswada yake ipo Bodleian, na vizazi vya wanafunzi, sisi tukiwa miongoni mwao kwa muda mfupi, wameisoma. Wachache wanaojua kwamba mtini unaonasibishwa naye, uliopandwa katika bustani ya Christ Church katika miaka ya 1640, ulidumu huko na matawi yake yakagawiwa kwa watunza bustani wengine. Vitabu na tini vilisafiri na mtu mmoja. Vitabu vimetunzwa kwa kufungiwa, mti kwa kukatwakatwa.

Turudi St. Clair. Mwaka 1994 mke wa jirani yetu, bibi aliyekuja kutoka Calabria akiwa bibi arusi, alimpa mwenzetu kitawi kilichofungwa gazeti bichi. Hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiingereza cha sokoni. Kwetu kulikuwa kumepikwa pilau, sahani ikapita juu ya uzio, na sahani haikurudi tupu. Kitawi kilishika. Miaka ikapita, tukahamia nyumba yetu wenyewe Scarborough, na mti ukaja nasi ndani ya debe.

Julai 8, 2013, mvua ya jioni moja ilimwaga milimita 126 katika uwanja wa ndege wa Pearson, na maji yakaingia vyumba vya chini vya nyumba nyingi, hizo besimenti ambazo watu wa hapa huwekea kila wasichotaka kukiona na wasichotaka kukipoteza. Katika nyumba ya jamaa yetu mmoja lilikuwamo sanduku la mninga lenye barua za babu yao kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, hati za shamba la Unguja, na kitabu cha nasaba ya ukoo. Sanduku hilo lilinusurika Januari ya 1964. Lilinusurika Dar es Salaam, Cairo na London. Tuliomba mara tatu kulinakili, na mara tatu tukajibiwa kwa heshima kwamba mambo ya ukoo hayatoki nje ya ukoo. Tulipoitwa siku ya tatu baada ya mvua, wino ulikuwa umekwisha kuyeyuka ukaingiliana kurasa kwa kurasa. Mwenye sanduku alikuwa ameyatandika makaratasi kwenye kamba ya nguo kama dagaa. Hatukumlaumu. Mtu aliyekwisha nyang'anywa kila kitu ana haki ya kushika sana kilichobaki. Lakini tulirudi nyumbani tukauangalia ule mtini kwa fikra nyingine.

Fikra hiyo ilithibiti upesi. Februari ya 2015 ilikuwa ya baridi kali mno katika kumbukumbu za Toronto. Jirani yetu wa zamani alikuwa mjane sasa, mgongo umekataa kuchimba, mti wake ameuvika magunia tu. Ulikufa hadi mizizini. Alitupigia simu mwezi wa Mei, mwezi wa kungoja machipukizi, akatueleza habari hiyo kwa sauti ambayo tumeisikia kwenye matanga. Tulimjibu kwamba mti wa mkewe upo, uko kwetu, na kwa watu wengine sita waliouchukua kutoka kwetu. Jumamosi ile tulimpelekea mti wa miaka mitatu ndani ya chungu. Akaushika jani, akalivunja, akanusa utomvu, akasema ndio wenyewe.

Kwa anayetaka kufanya haya, kazi si ngumu. Mwisho wa majira ya baridi, mti ungali umelala, kata kitawi cha mwaka uliopita chenye unene wa kalamu au kidole, urefu wa sentimita 15 hadi 20, chenye macho matatu au manne. Kizungushie karatasi iliyolowa na kukamuliwa, kitie katika mfuko wa plastiki, kiweke mahali penye joto la chumba. Kifungue kila siku chache kipate hewa, kwani ukungu ndio adui. Baada ya wiki tatu hadi sita mizizi myeupe hutokeza. Kihamishie taratibu kwenye udongo mwepesi, wala usikimwagilie kwa mapenzi mengi. Vitawi vingi tulivyovipoteza tuliviua kwa maji. Njia iliyo salama zaidi, kwa mwenye mti mkubwa, ni kuinamisha tawi la chini na kulifukia katikati msimu mzima, likishatoa mizizi ndipo ulitenge na mama yake.

Yapo ya kujihadhari nayo. Utomvu wa mtini ukikaa kwenye ngozi juani huunguza na kuacha malengelenge, kwa hiyo vaeni glovu. Ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka ya manjano husafiri ndani ya kitawi, na mgawaji asiye mwangalifu hugawa ugonjwa pamoja na urithi. Mti wenye mabaka msiukate kuwapa watu. Tena, aliyofanya al-Ghazal leo ni kosa: mimea inayoingia Kanada kutoka ng'ambo inatakiwa iwe na kibali na cheti cha afya ya mimea. Tunasema hivi kwa sababu kila mwaka msomaji mmoja hutuuliza habari ya kuleta tawi kutoka kwa shangazi Oman.

Na hata likija kwa halali, huenda lisizae. Ipo mitini ambayo tunda lake hudondoka likiwa changa lisipoingiwa na nyigu mdogo anayeishi ndani ya mtini dume. Wakulima wa California walileta matawi ya tini za Izmir katika miaka ya 1880, miti ikakua, matunda yakaanguka mwaka baada ya mwaka, hadi nyigu mwenyewe alipoletwa na kushika makazi mwaka 1899. Wakulima wa Kiarabu walilijua jambo hili tangu zamani, wakaliita tadhkir, na Malta hadi leo mtini dume unaitwa dukkar, kutokana na neno hilo hilo la dume. Nyigu huyo haishi Toronto. Ulizeni kwanza kama mti wa shangazi una dume jirani.

Lililo gumu kuliko yote ni jina. Tawi halikosei, lakini watu hukosea sana. Mti ukitoka nyumba moja kwenda nyingine huvaa jina jipya, "tini nyeusi ya baba", "tini ya Mreno", na baada ya miaka 30 hakuna ajuaye ulitoka wapi. Ira Condit wa California alitoa mwaka 1955 kitabu cha aina za tini, na sehemu kubwa ya jasho lake ni kupambanua majina mengi ya mti mmoja na miti mingi ya jina moja. Jina la Brown Turkey peke yake hubebwa na miti tofauti Uingereza na California. Hifadhi ya serikali ya Marekani iliyoko Davis imepima vinasaba vya mitini yake, ikakuta baadhi yenye majina mbalimbali ni mmoja. Vinasaba vitakwambia miti hii miwili ni mmoja. Havitakwambia nani aliufunga katika gazeti.

Kwa hiyo tuliamua kila kitawi kinachotoka kwetu kiende na sanadi yake, kama hadithi inavyokwenda na wapokezi wake: kimetoka kwa nani, aliyekipata kwa nani, mahali, mwaka. Daftari lilianzwa na mwenzetu wa nyumbani, Mola amrehemu, na yeye aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni na mama yake. Ukurasa wa kwanza ni wa 1994. Umeandikwa jina la bibi aliyetoa, na baada yake "kutoka", kisha neno moja la Kitaliana kama alivyolisikia juu ya uzio, herufi nne, bila irabu hata moja. Tulilisoma kuwa jina la kijiji. Tulitafuta katika ramani ya Calabria, tukapata vijiji viwili vinavyoweza kusomeka hivyo, na kwa miaka mingi tukaandika vyote viwili kwenye kila kibandiko, na alama ya kuuliza baina yao.

Jirani yetu alifariki 2019. Masika ya mwaka uliofuata alikuja binti yake kutaka kitawi cha nyumba yake mpya, tukamfungulia daftari na kumsomea neno lile kwa irabu za namna ya kwanza, kisha za namna ya pili. Akatikisa kichwa mara zote mbili. Akajaribu mwenyewe, polepole, akacheka, macho yakamjaa machozi. Halikuwa jina la kijiji. Lilikuwa jina la utani la mama wa mama yake, ambalo hajalisikia likitajwa tangu utotoni. Tulichukua kalamu tukalisahihisha pale pale, safari hii tukatia irabu zote.